Tanga kwa Mgeni Mwenye Haraka

Shuka kwenye basi kwanza. Gari limeshafika Kange, utingo ameshashusha mizigo, na wewe bado umeikodolea simu macho ukitafuta hoteli yenye nyota nyingi. Weka simu mfukoni. Tanga ni mji wa kuuliza watu, na kuuliza kwenyewe kuna utaratibu: salamu, habari za asubuhi, habari za nyumbani, ndipo hoja. Aliyekuzidi umri hupewa shikamoo kabla ya neno jingine lolote. Ukifuata utaratibu huo utasindikizwa mpaka mlangoni na begi utabebewa. Ukiuruka ukaanza na "We, hoteli iko wapi?" utajibiwa vilevile, maana watu wa hapa hawana choyo cha maneno, ila utaoneshwa njia kwa kidevu, na kidevu hakioneshi kona.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe mwenye haraka. Umetenga usiku mmoja. Unataka picha za majumba ya Kijerumani, samaki wa kupaka, khanga za zawadi, kisha urudi Dar es Salaam. Nakupenda, na mji huu naupenda zaidi, kwa hiyo nitakueleza namna ya kulala, kula na kununua hapa bila kuwa wa waja leo waondoka leo.

Kabla ya yote, jua umesimama upande gani wa reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka hapa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, na mji wenyewe ukapangwa kwa kuifuata. Upande wa bahari wakaweka boma, forodha, mahakama na makazi yao, nyumba zikijitanda kuelekea Bombo na Raskazone penye upepo. Hapohapo upande wa bahari zikaota safu za maduka ya Wahindi, duka chini, familia juu. Upande wa pili wa reli ni Ngamiani, mitaa iliyonyoshwa kama kwa rula na kupewa namba, na huko ndiko Mwafrika alikotakiwa akalale baada ya kazi. Waingereza walipochukua nchi wakaukuta mpangilio huo, wakauendeleza. Mpaka leo mtu atakuelekeza barabara ya sita au ya kumi na mbili, nawe utafika bila kusoma kibao.

Wageni wengi wanaokuja kutazama mji mkongwe hulala upande wa bahari, hula upande wa bahari, hupiga picha mnara wa saa karibu na bustani ya Jamhuri, wakaondoka. Mgeni wa namna hiyo anatii amri ya gavana aliyekufa zamani. Vuka reli. Vuka mara nyingi kadiri uwezavyo, asubuhi uende ukanywe chai Ngamiani, alasiri urudi ununue, jioni uvuke tena. Hakuna atakayekudai kibali.

Sasa malazi. Usichague hoteli kwa ukubwa wa jina lake, kwa sababu majina makubwa ya hapa yamepata misukosuko. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lenye askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka Raskazone likidhani Tanga italiwa kabla ya chakula cha mchana. Tarehe 4 baadhi ya askari wake, Magurka wa kikosi cha Kashmir Rifles, walipenya hadi mjini, wakateka jengo la forodha na hoteli iliyoitwa Deutscher Kaiser, wakapandisha bendera ya Uingereza juu yake. Haikukaa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na watu wake wasiofika hata robo ya wavamizi, wengi wao askari Waafrika, waliwasukuma wakarudi walikotoka. Nyuki wa mizinga ya vichakani nao wakaingia vitani, wakamuuma kila aliyepita. Kesho yake Waingereza wakapanda meli, wakaacha nyuma bunduki na risasi chungu nzima. Ukilala Raskazone leo, ukiamka na kuiona ghuba imetulia, kumbuka kwamba wapo waliofika hapo wakiwa na haraka kuliko yako.

Halafu kuna Planters, kwenye Barabara ya Soko, jengo lenye veranda ya mbao inayoizunguka ghorofa ya juu. Jina lake linakutajia wateja wake: wenye mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Inasimuliwa kila mahali kwamba kati ya miche 1,000 aliyoiagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Hiyo 62 ikaijaza nchi. Mwenye shamba alikuwa na veranda yake mjini. Manamba waliokata majani yenye miba, watu kutoka Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji, hawakuwa na meza pale. Chakula chao kilikuwa cha posho kambini, na wakipata nafasi ya kuja mjini, Ngamiani ndiko walikopata mtu wa kuwauzia sahani. Kwa hiyo ukisimama mbele ya veranda ile na kamera, piga picha yako, ni kazi nzuri ya seremala. Kisha uende Ngamiani ukamalizie historia iliyobaki.

Mkonge ulipoanza kushindwa na kamba za nailoni miaka ya 1960, na mashamba mengi kutaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, vyumba vya mji huu vilianza kubaki wazi. Sasa vinajaa tena kwa sababu nyingine. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, ng'ambo ya ghuba, na wahandisi na mafundi wanataka pa kulala. Piga simu mapema, hasa katikati ya wiki.

Ukiwa na fedha za kutosha, nenda Raskazone, Mkonge Hotel, ulale mbele ya bahari. Ukiwa na za kawaida, gesti za mjini na Ngamiani zinakutosha, na hapo ndipo unahitaji akili. Usiulize bei kwanza. Omba uoneshwe chumba. Ukiingia, washa panga boi na ulisikilize. Likizunguka kwa mlio wa kugonga, omba chumba kingine, maana usiku huo litakuwa ndilo mwenzako. Fungua bomba, usiridhike na ahadi ya kwamba maji yanatoka alfajiri. Ikiwa yanatoka alfajiri, pipa na kata viwepo bafuni. Ishike neti kwenye mwanga utazame matundu. Uliza msikiti uko umbali gani, kisha chukua chumba kwa furaha hata kama spika inatazama dirisha lako. Adhana ya alfajiri itakuamsha wakati mzuri kabisa wa kuuona mji huu, kabla jua halijakaza, muuza maandazi akipanga ya kwanza kwenye beseni.

Mapokezi utapewa daftari kubwa la wageni lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Jina, kazi, utokako, uendako, sahihi, na kwingine kabila. Jaza kwa mwandiko unaosomeka. Mzee au dada aliyekaa nyuma ya meza ile anafanya kazi anayoijali, na akiona umeandika "biashara" bila kueleza biashara gani, atakuuliza. Mjibu. Na kama mmekuja wawili na hamjaoana, jueni kwamba zipo gesti zitakazowakatalia kwa upole. Msianzishe mjadala wa haki za binadamu pale kaunta; nyumba ni ya mwenyewe na masharti ni yake. Zipo nyingine.

Tumefika kwenye chakula, na hapa ninakuomba ukae chini.

Ukiwa Ngamiani asubuhi usiulize kama kuna menyu. Uliza, "Leo kuna nini?" Swali hilo linampa mama nafasi ya kukutajia kilichoiva, na kilichoiva ndicho unachotaka. Mbaazi za nazi ndizo sababu ya kuamka. Zimelowekwa usiku, zikachemshwa mpaka zikalainika bila kupasuka, likatiwa tui la kwanza mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa ili lisikatike. Zikifika mezani zina rangi ya maziwa na mafuta ya nazi yanang'aa pembeni mwa bakuli. Pembeni pana maandazi yenye harufu ya iliki, matupu ndani, ya kuchanwa na kuchovya. Usitumie kijiko. Chana andazi, kunja kipande, chota. Ukimwona jirani yako amemimina mbaazi zote ndani ya andazi moja akalishika kama bahasha, mwige.

Vitumbua hununuliwa vikitoka kwenye chuma, si vilivyokaa kwenye kabati la vioo tangu saa kumi na mbili. Mkate wa ufuta ni wa jioni zaidi. Mkate wa kumimina ukiukuta, chukua vipande viwili na usidanganye kwamba kimoja ni cha rafiki. Maziwa ya mtindi agiza bila wasiwasi. Huu ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, na paketi za Tanga Fresh unazoziona Dar es Salaam zinatoka hapa, kwa wafugaji wadogo wanaopeleka maziwa yao vituoni kila siku.

Mchana ni wali wa nazi na samaki. Kama una subira, tembelea kwanza Deep Sea, samaki wanaposhushwa, uwaone changu na kolekole wakipigiwa mnada. Wanunuzi wanaongea kwa nyusi na vidole, na mgeni anayepunga mkono kusalimia anaweza kujikuta amenunua ndoo. Simama nyuma, mikono mfukoni, utazame macho ya samaki. Baada ya hapo hakuna hoteli itakayokudanganya kuhusu samaki wa leo na wa juzi.

Ijumaa ina sheria yake. Wakati wa sala ya adhuhuri maduka mengi yanafungwa, na wenye hoteli za kula wanakuwa wamepika pilau na biriani kwa ajili ya watakaotoka msikitini. Fika kabla yao ukae, au fika pamoja nao usubiri zamu. Ukifika saa tisa ukakuta ukoko, usimlaumu mtu. Meza mtakaa wanne msiojuana. Sema "karibu" kabla ya kuanza kula, hata kama sahani ni yako peke yako. Nawa mikono kwa maji ya birika anayokumiminia mhudumu, mkono wa kulia ndio wa kula, na pilipili ya kupondwa iliyo kwenye kibakuli cha pamoja ichote kwa kijiko chake.

Ukija Ramadhani, mchana utaona mapazia kwenye milango ya mikahawa michache iliyo wazi. Pazia lina maana yake. Kula nyuma yake, usitoke nje na soda mkononi. Ukivumilia hadi magharibi utalipwa. Kuna uji wa pilipili manga, mihogo na magimbi ya nazi, tambi za sukari, kaimati zilizomwagiwa shira. Watu ambao hujawahi kuwaona watakuita ukafturu barazani kwao, na ukikataa kwa mara ya pili wataudhika kwa haki kabisa. Ni karamu kubwa kuliko zote unazotoa mji huu, na hailipiwi.

Jioni nyingine yoyote, mfuate muuza kahawa. Utamsikia akigonganisha vikombe mkononi kabla hujamwona. Kahawa yake ni chungu, kikombe ni kidogo, haina sukari, na kashata ndiyo sukari yenyewe. Kaa kwenye baraza utakayomkuta, toa salamu, nunua na za wenzako wawili watatu. Hapo utasikia habari za mpira, bei ya nazi, na nani alipiga gitaa katika Atomic Jazz na nani katika Jamhuri Jazz, bendi mbili zilizoifanya Tanga ichezwe nchi nzima miaka ya 1960 na 1970. Wazee hawakubaliani ipi ilikuwa bora. Usiamue.

Ununuzi unataka saa na unataka miguu. Maduka ya zamani ya upande wa bahari hufunguliwa asubuhi, hufungwa mchana kwa ajili ya chakula na usingizi, hufunguliwa tena jua likipoa. Mgeni mwenye haraka hufika saa saba na nusu, akakuta milango ya mbao imefungwa kwa komeo, akaandika kwamba mji umekufa. Mji umelala. Rudi saa tisa.

Ingia duka la khanga. Kaunta ni ndefu, imelainishwa na mikono ya miaka mingi, na vitambaa vimepangwa mpaka darini kiasi kwamba kijana wa duka anapanda ngazi kuvifikia. Usimwambie "nataka khanga nyekundu". Khanga huchaguliwa kwa jina lake, yale maandishi ya chini, na rangi inafuata. Mwambie unampelekea nani: mama mkwe, shoga, mke, dada aliyejifungua. Atakufunulia moja baada ya nyingine juu ya kaunta, atakusomea jina kwa sauti, na akikutazama usoni akaona hukulielewa fumbo atakushauri uiache. Mshukuru, amekuokolea ndoa. Khanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Vikikatwa, nyuzi hubaki wazi kwenye makali, na hapo mlangoni, kwenye veranda, yupo fundi na cherehani yake. Mpe akupindie. Analikunja pindo kwa kidole gumba, analipitisha chini ya sindano bila kutazama, huku akikuuliza unatoka wapi, na kabla hujamaliza kujibu doti yako imeshakunjwa.

Bei jadiliana kwa heshima. "Nipunguzie kidogo, mgosi" inafungua mlango ambao "ghali sana hii" unaufunga. Mahitaji ya jikoni, nazi, viungo, dagaa na mikeka, yafuate soko la Mgandini, na uende na kikapu chako.

Ukiwa bado kwenye veranda ya fundi, tazama juu. Juu ya mlango wa maduka mengi pana mwaka uliochongwa kwenye plasta, pengine na jina la aliyejenga. Familia iliyokaa ghorofani mara nyingi haipo. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na katika miji kama huu familia nyingi za Kihindi zikafunga masanduku, zikaenda Uingereza na Kanada. Majengo yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na tangu 1990 chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, wenye maduka binafsi wakatakiwa kuyapisha ya ushirika. Haikudumu, lakini miaka ya mwanzo ya 1980 rafu zilikuwa tupu na watu walipanga foleni ya sabuni na khanga, mpaka 1984 biashara ilipoanza kulegezewa kamba. Duka lililopita katika hayo yote na bado lina mzee anayekufunulia khanga ni la kuheshimiwa kuliko mnara wa saa.

Ndiyo maana nakusihi ununue. Mgeni anayepiga picha ya dirisha la mbao kisha akaenda kununua maji ya chupa kwenye jengo jipya la vioo amelisaidia la vioo. Veranda hizi zinaliwa na mchwa na mvua ya masika. Ni za ghali kutengeneza, na mpangaji asiye na wateja hana sababu ya kununua ubao wala mwenye jengo hana sababu ya kumwachia. Kodi ya duka ndiyo inayoshikilia paa. Ndani ya jengo unalolisifia nunua kitu: kiberiti, uzi, kilo ya mchele, daftari, chochote chenye matumizi. Kula kwenye mkahawa wenye dari refu badala ya kuulizia historia yake na kuondoka. Ukiingia maktaba ya mji, iliyojengwa miaka ya 1950 kwa jina la Mfalme George VI, kaa chini usome kitabu. Ina ua wa ndani wenye kivuli, na wanafunzi watakusogezea kiti. Pitia pia boma la zamani, ambapo taasisi ya Urithi Tanga imeweka makumbusho. Lipa kiingilio kwa moyo. Na picha ya mtu, iwe fundi, mama wa mbaazi au muuza kahawa, haipigwi kabla ya kuombwa.

Siku ya kuondoka, kunywa chai mapema na uwahi Kange. Kaa upande wa dirisha. Kilomita kama 35 mbele ni Muheza, na basi likisimama tu vijana watakuja na machungwa kwenye nyavu, wakiyanyanyua mpaka usawa wa uso wako. Yatakuwa na ngozi ya kijani, nawe utataka kuyakataa ukidhani ni mabichi. Chungwa la Muheza huiva likiwa kijani. Chagua yaliyo mazito mkononi, yenye ngozi nyororo, uwe na hela ndogondogo tayari, maana dereva hamsubiri anayedai chenji. Chukua nyavu mbili, na moja uifungue hapohapo garini umkaribishe jirani.